Kutoka Droo za Kadi Hadi Akili Unde: Nani Alitufundisha Kutafuta?

Wasomaji wangu, leo tuache kidogo habari za simu mpya na lugha za programu, tuzungumze maktaba. Najua kuna watakaosema maktaba ni mambo ya kale. Subirini kidogo. Kwa mtu kama mimi, anayejipatia riziki kwa kuandika programu, historia ya maktaba za vyuo vikuu ni historia ya swali ambalo hata kampuni kubwa za Marekani hazijalimaliza: mtu aliyezungukwa na taarifa nyingi atajuaje ipi ya kuaminiwa?

Naandika haya nikiwa Sigowet, kaunti ya Kericho, huku kwetu kwenye majani chai. Si mbali na hapa kuna Chuo Kikuu cha Kabianga, ambacho kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kupata hati yake mwaka 2013. Kila mwaka vijana wa huku huingia vyuo vikuu, na wengi wao hawajawahi kutumia maktaba yenye zaidi ya kabati moja la vitabu vya kiada. Kwao, habari hii si historia tu.

Jina lilikotoka

Mwaka 1974, Mmarekani Paul Zurkowski, aliyekuwa akiongoza chama cha kampuni za biashara ya taarifa, aliiandikia tume ya taifa ya maktaba ya nchi yake. Alisema kujua kusoma na kuandika hakutoshi tena. Watu wafunzwe pia kutumia vyombo vya taarifa kutatua matatizo ya kazini. Ndipo likazaliwa jina la Kiingereza ambalo mimi nalitafsiri hapa kuwa ujuzi wa taarifa: kujua unahitaji nini, kukitafuta, kukipima, na kukitumia bila kuiba jasho la mwenzako.

Angalieni jambo moja. Zurkowski alikuwa mtu wa biashara ya taarifa, na alitaja vyombo tangu siku ya kwanza. Tangu hapo ujuzi huu umekuwa ukichanganywa na mashine yake. Huo mchanganyiko ndio ugonjwa ninaotaka tuuone.

Enzi ya droo

Wazee waliosoma vyuo vyetu kabla ya kompyuta wanazikumbuka droo za kadi. Kitabu kimoja kilikuwa na kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, ya mada. Mwanafunzi mgeni alizungushwa maktabani wiki ya kwanza, akaonyeshwa droo, rafu na meza ya kuazimia, basi. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo.

Yalitosha kwa kiasi fulani, kwa sababu kazi ya kupima ilikuwa imeshafanywa. Mhariri alikisoma kitabu, mchapishaji akatia fedha zake, mkutubi akakichagua. Shida ya mwanafunzi ilikuwa uhaba: kitabu kimoja, watu 60 wanakingoja. Huku kwetu kazi ya ukutubi nayo ilikuwa ikipata mizizi. Makerere ilikuwa na shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki tangu 1963, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988.

Maktaba ndani ya sidii

Kompyuta zilipoingia, intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua, ikipitia setilaiti. Wajanja wakasema: kama waya hauji, tulete maktaba yenyewe. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilitoa TEEAL, maktaba ya kilimo ya zaidi ya majarida 100 ya kitaalamu, kurasa zake zimejazwa kwenye rundo la sidii na kuuzwa kwa bei nafuu kwa nchi zenye kipato kidogo. Baadaye ukaja mradi wa WiderNet wa Chuo Kikuu cha Iowa, ukiongozwa na Cliff Missen. Wao walinakili tovuti nyingi, kwa ruhusa ya wenyewe, kwenye diski kuu moja inayofungwa kwenye mtandao wa ndani wa chuo. Waliiita eGranary, yaani ghala. Mwanafunzi anabofya kana kwamba yuko kwenye intaneti, kumbe kila kitu kiko chumba cha pili. Kama mtu wa programu naivulia kofia kazi hiyo.

Mafunzo nayo yakabadilika. Mkutubi sasa alifundisha amri za kutafutia: AND, OR, NOT. Nyuma ya maneno hayo kuna mantiki ya George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyechapisha kitabu chake maarufu mwaka 1854. Ukiunganisha "chai" na "baridi" kwa AND, unapata makala zenye yote mawili tu. Ukitumia OR, unapata zenye lolote kati ya hayo. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo alijifunza kitu kikubwa kuliko programu: kulivunja swali lake vipande vipande. Aliyekariri vitufe tu, ujuzi wake ulizeeka pamoja na sidii.

Milango inafunguka

Mwaka 1999 ndipo pia KENET ilipoanzishwa ili kuunganisha vyuo vya Kenya kwenye intaneti. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani likaanzisha HINARI pamoja na wachapishaji wakubwa 6: majarida ya tiba yapatayo 1,500, bure kwa nchi maskini zaidi. AGORA ya kilimo ilifuata 2003. Mwaka huo huo vyuo na taasisi za Kenya zikaunda muungano wa maktaba, KLISC, ili kuchanga fedha na kununua majarida ya mtandaoni kwa pamoja. Shirika la INASP lilisaidia kujadiliana bei na kufundisha wakutubi.

Lakini ndugu zangu, kufungua mlango si kumfundisha mtu kuingia. Majarida yale yalihitaji neno la siri. Yalihitaji mwanafunzi ajue kwamba yapo. Yalihitaji pia aligeuze swali lililomjia kwa Kikipsigis au Kiswahili liwe maneno ya kitaalamu ya Kiingereza. Hapo ndipo somo lilipotakiwa, na mara nyingi somo likawa saa moja ya slaidi zinazoonyesha mahali pa kubofya.

Wenzetu kwingine walishaanza kujaribu njia nyingine. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin kilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1990 somo la mtandaoni lililoitwa TILT, lenye mazoezi na maswali, kisha kikaruhusu maktaba nyingine kulichukua na kulirekebisha. Mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Australia akatoa Moodle, programu huria ya kufundishia ambayo vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinaitumia hadi leo. Chombo cha mazoezi, basi, tumekuwa nacho miaka mingi.

Mwaka mambo yalipopinduka

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. EASSy ikafuata 2010. Google Scholar ilikuwepo tangu 2004, ila sasa ikafunguka kwa kasi. Shida ya kale, uhaba, ikageuka kuwa mafuriko. Zamani mwanafunzi alisumbuka kupata makala moja. Sasa anasumbuka kutupa 900.

Hapa kwetu tunaelewa vizuri habari ya kuchagua. Mchumaji wa chai anafundishwa majani mawili na chipukizi. Ukijaza kikapu majani magumu, kituoni yatakataliwa. Kwenye intaneti hakuna karani wa kituo. Karani ni wewe mwenyewe.

Nitoe mfano wa nyumbani. Watafiti wa chai wa Kericho walitoa mwaka 2011 aina ya chai ya zambarau iitwayo TRFK 306. Itafute leo utapata makala za watafiti waliopima kemikali zake, na bega kwa bega utapata kurasa za wauzaji wanaodai inatibu karibu kila ugonjwa. Zote zinapendeza macho, zote zina picha ya kikombe. Kitufe gani kitakutenganishia? Hakipo. Kuna maswali tu: nani ameandika, alijuaje, analipwa na nani, na wengine wanasemaje?

Leo hii

Novemba 2022 ikaja ChatGPT. Mwaka jana binamu yangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alinionyesha insha yake kuhusu chai hiyo hiyo ya zambarau. Ilikuwa na marejeo 10 yaliyopangwa vizuri. Tuliketi tukayatafuta moja moja. Matatu hayakuwepo. Jarida lilikuwepo, toleo lilikuwepo, ila kwenye ukurasa uliotajwa kulikuwa na makala nyingine kabisa. Akili unde ilikuwa imeyabuni. Binti huyu si mvivu wala mwongo. Alikuwa amefundishwa jinsi ya kuingia kwenye mfumo wa maktaba, na neno la siri alikuwa nalo. Hakuna aliyewahi kumpa rejeo la uongo ili ajifunze kulikamata.

Ni jambo rahisi kulitengeneza. Mhadhiri na mkutubi wakae pamoja, waweke kwenye Moodle marejeo 5, moja likiwa la kubuni, na mwanafunzi aeleze amelijuaje. Wiki inayofuata wampe kurasa mbili zinazopingana, aseme ipi ina ushahidi. Haihitaji fedha za wafadhili, inahitaji saa chache za mhadhiri na mkutubi. Na iwe ndani ya somo lenyewe, liwe la kilimo au la uuguzi, maana swali lisilo na kazi husahaulika.

Kwa miaka hamsini sasa kila mashine mpya imekuja na mafunzo yake ya vitufe, na vitufe vimezikwa na mashine. Droo zimekwenda, sidii zimekwenda, na hivi tunavyotumia leo vitakwenda pia. Kilichobaki mikononi mwa waliofundishwa vizuri ni ile tabia ya kuuliza "umejuaje?" kabla ya kunakili. Sisi waandishi wa programu tunaweza kuwasaidia wakutubi kuifanyisha mazoezi tabia hiyo. Kuiweka ndani ya mashine ili mwanafunzi apumzike, hilo hatuwezi, na anayewaambia anaweza, muulizeni amejuaje.