Rektifaya ya fezi tatu

Rektifaya ya fezi tatu ni kifaa kinachogeuza umeme wa mkondo geu wa fezi tatu kuwa mkondo mnyoofu, yaani unaotiririka upande mmoja tu. Hutumika kuchaji betri na kuendesha mitambo ya viwandani.

Rektifaya ya kawaida ina daiodi sita. Huvuta mkondo kwa vipande badala ya wimbi laini, hivyo huzalisha harmoniki. Kwa umeme wa hezi 50 unaotumika Tanzania, harmoniki kubwa zaidi ni za hezi 250 na 350. Hizo hupasha joto transfoma na jenereta bila kufanya kazi yoyote.

Ili kupunguza kasoro hiyo, mahali pa daiodi huwekwa transista zinazowashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde. Katika modulisheni ya upana wa mapigo, muda wa kuwashwa hurefushwa au kufupishwa kufuata wimbi linalotakiwa, na koili hulainisha mkondo. Harmoniki zinazobaki huwa za masafa ya juu, ambazo ni rahisi kuchuja.

Athari hutegemea pia chanzo cha umeme. Hadi 2018 mji wa Songea ulikuwa nje ya gridi ya taifa na ulitumia jenereta za dizeli. Mwaka huo uliunganishwa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Rektifaya ileile huvuruga volteji zaidi ikiwa kwenye jenereta ndogo kuliko kwenye gridi imara.