Pumzi ya Tanuri: Shaba ya Likasi Kabla ya Mitambo

Kabla reli haijafika Kambove mwaka 1913, shaba ya nchi inayoizunguka Likasi, huko Katanga, ilipatikana kwa sururu, mkaa na mivukuto. Kazi hiyo ina umri mkubwa: tanuri zilizofukuliwa Naviundu, karibu na Lubumbashi, ni za karne ya 4 hivi. Katika makaburi ya Sanga, bonde la Upemba, watu wamekutwa wamezikwa na misalaba ya shaba. Mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet, aliyepita Likasi na Kambove mwaka 1892, alionyeshwa machimbo ambayo wenyeji walikuwa wameyachimba tangu zamani.

Msimu wa kazi ulikuwa kiangazi, mtama ukishavunwa. Wanawake na watoto waliokota malakiti, jiwe la kijani lenye shaba, juu ya ardhi. Wanaume walishuka mashimoni. Tanuri zilijengwa kwa udongo wa kichuguu, unaostahimili moto.

Ugumu ulikuwa kwenye hewa. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na mkaa ulioachwa uwake wenyewe haufiki huko. Mvukuto ulikuwa chombo cha mti kilichofunikwa ngozi laini iliyofungwa kwa kamba, chenye bomba lililoelekezwa kwenye kewa, mrija wa udongo uliopenya ukuta wa tanuri. Kiangazi hichohicho kilichokausha mashimo kilikausha ngozi pia. Ngozi kavu hukakamaa na kupata nyufa nyembamba, kamba hulegea, mti hupasuka. Hewa inayotoroka hapo haionekani. Mvukutaji huendelea kupiga, mikono ikipanda na kushuka kama kawaida, huku moto ukififia kidogo kidogo. Hasara hujulikana tanuri inapofunguliwa: shaba haikushuka chini, imebaki vitone ndani ya mavi ya tanuri, na mkaa umekwisha. Kinga ya hasara hiyo ni ngozi kulainishwa, kamba kukazwa upya, na nyufa za mti na za ukuta kuzibwa kwa udongo mbichi.

Uwazi mmoja, hata hivyo, haukupaswa kuzibwa. Mvukuto usio na kilango huvuta hewa kwa njia ileile inayoitolea. Ukigandamanishwa na kewa, huvuta joto na cheche kutoka tanurini na kuunguza ngozi. Kwa hiyo, katika mivukuto ya aina hii, ncha ya bomba huachwa nje kidogo ya mdomo wa kewa, nao mdomo hupanuliwa ili upokee upepo wote. Ustadi huu unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa katika vitabu vinavyosifu misalaba peke yake.

Misalaba hiyo, mingi ikiwa na upana wa takriban sentimita 20, ilisafiri mbali kama mali ya biashara. Katika karne ya 19 Wayeke wa mtawala Msiri, waliotoka Unyamwezi na kukaa Bunkeya, waliitawala biashara hiyo na kueneza ufundi wa kuvuta nyaya za shaba. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Kampuni ya madini ya Union Minière ikaundwa mwaka 1906, na tanuri zake za Lubumbashi zikawashwa mwaka 1911. Mmisionari Jean-Félix de Hemptinne alipochapisha maelezo yake kuhusu wafua shaba wa Katanga mwaka 1926, kazi yao ilikuwa imekwishakoma. Miaka mitatu baadaye kiwanda cha Shituru, hapo Likasi, kilianza kuyeyusha madini katika tindikali na kutenga shaba kwa umeme.