Kukaa na Wafiwa: Tetemeko la Ardhi la Mwaka 2016 katika Historia ya Huduma Yetu

Historia ya miaka mia moja ya Injili katika nchi ya Buhaya haiwezi kuandikwa kwa kuhesabu majengo, wachungaji na ubatizo peke yake. Ipo pia historia ya misiba, na namna Wakristo walivyokaa na waliofiwa. Katika historia hiyo tarehe 10 Septemba 2016 ina mahali pake.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Saa 9:27 alasiri ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya 5.9, kitovu chake kikiwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi, umbali wa kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Mtikisiko ulisikika hata Uganda na Rwanda. Kwa hesabu ya Serikali watu 17 walipoteza maisha, majeruhi walizidi 400, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilibomoka. Jumapili iliyofuata, badala ya shangwe za michezo, uwanja wa Kaitaba ulijaa waombolezaji. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza wananchi kuwaaga marehemu, na viongozi wa dini mbalimbali wakasimama pamoja mbele ya majeneza.

Msomaji mgeni aelewe jambo moja, maana bila hilo hataona uzito wa msiba ule. Kwa Mhaya, msiba una mahali pake, nao ni nyumbani. Marehemu huzikwa katika kibanja, kati ya migomba, karibu na makaburi ya babu zake. Waombolezaji huja, hulala pale, hupika pale, na wenye nyumba hawaachwi peke yao. Sasa tuulize: nyumba ikianguka, msiba utakaa wapi? Tetemeko liliua watu, na papo hapo likaondoa paa ambalo chini yake wangeombolezwa. Hata walioponea nyumba zao waliogopa kulala ndani, kwa kuwa mitetemo midogo iliendelea. Jirani, ambaye siku zote ndiye nguzo ya mfiwa, naye alikuwa nje, na watoto wake wamelala chini ya turubai.

Ndiyo sababu naona kwamba huduma ya kwanza kabisa ya Kikristo katika maafa ya namna hii ni kumrudishia mfiwa mahali pa kulilia. Turubai, mikeka, maji, kuni na chungu cha chakula ni vitu vidogo katika taarifa ya kamati, lakini ndivyo vinavyowawezesha watu kukaa. Mahubiri yanaweza kungoja. Mwinjilisti anayefika na kuketi kimya chini pamoja na familia amekwisha kusema mengi.

Roho hii haikuzuka mwaka 2016. Wamisionari wa Bethel, akiwamo Ernst Johanssen, walipofika Bukoba mwaka 1910 walikuta Wahaya waliokwisha kuanza kusoma Injili wao wenyewe. Misheni hiyo ilifungamana na nyumba za huduma za Bethel huko Bielefeld, Ujerumani, zilizotunza watu wenye kifafa chini ya mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Inafaa kukumbuka kwamba mchungaji huyo na mkewe, mwezi Januari 1869, walizika watoto wao wanne katika muda wa majuma mawili. Mtu aliyeijenga Bethel alikuwa mfiwa. Nadhani hilo linaeleza mengi kuhusu kanisa tulilolirithi. Kisha Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa wamisionari wa Kijerumani, na Wahaya wenyewe wakabaki na kazi yote, pamoja na kuzika na kufariji.

Ukoo, kwa upande wake, ulikuwa umefanya kazi hiyo tangu zamani. Askofu Josiah Kibira aliona uzito wa jambo hili, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1974 juu ya Kanisa, ukoo na ulimwengu. Haukuwa mjadala wa wasomi tu. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa mkoani Kagera, ukoo ulianza kulemewa: waliopaswa kuwalea yatima walikuwa wakifa nao. Mwaka 1989 Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ilianzisha Huyawa, yaani Huduma ya Watoto. Hapo ndipo Kanisa lilipojifunza kwamba kufariji si kazi ya siku za matanga pekee. Yatima anahitaji daftari mwezi wa pili, na mtu wa kumsemea shamba la baba yake linapogombewa mwaka wa tatu.

Funzo hilo lilihitajika tena baada ya tetemeko. Misaada ilimiminika, ikaja na aibu zake pia: baadhi ya watendaji walituhumiwa kufungua akaunti nyingine ya maafa, wakaondolewa kazini Septemba hiyohiyo. Mwanzoni mwa Januari 2017 Rais John Magufuli, akiwa Bukoba, alieleza wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mwananchi nyumba. Itarejesha shule, zahanati na barabara. Tusibishane hapa kama uamuzi ulikuwa sawa. Kwa familia iliyofiwa ulikuwa na maana moja: mjane aliyemzika mumewe Septemba sasa alipaswa kutafuta matofali, mchanga na fundi, kazi ambazo kwa desturi mumewe ndiye angezisimamia. Kaburi lilikuwa hatua chache kutoka kwenye msingi mpya. Mzee wa kanisa aliyefika wakati huo akiwa na jembe mkononi hakuulizwa amekuja kwa ibada gani.