Makaburi ya Kwihara na Wapagazi Wasiozikwa

Historia ya makaburi ya zamani katika Unyanyembe haitenganishiki na historia ya misafara. Kufikia katikati ya karne ya 19, Kaze na Kwihara, karibu na mji wa Tabora wa leo, vilikuwa vituo vikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji, na Waarabu waliolowea huko walizika wafu wao kwa taratibu za Kiislamu. Richard Burton, aliyewasili Kaze Novemba 1857, anaeleza kwamba hapo awali Wanyamwezi walikuwa wakiyapinga mazishi hayo, hata kukusanyika kuziba njia, kwa kuwa desturi yao ilikuwa kuipeleka porini maiti ya mtu wa kawaida. Maelezo ya Burton yamejaa dharau na hayana budi kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo yanadokeza kuwa kaburi lenyewe liliwahi kuwa jambo la kugombaniwa. Watemi walizikwa kwa heshima: Mirambo, aliyefariki Desemba 1884, alizikwa Urambo.

Kaburi la Kwihara lililoelezwa kwa kirefu ni la John William Shaw, baharia Mwingereza aliyeajiriwa na Stanley huko Unguja. Aliugua, akarudishwa Kwihara Septemba 1871, na huko akafa. Stanley aliporejea kutoka Ujiji akiwa na Livingstone, Februari 1872, aliwaamuru watu wake wabebe mawe na kuyapanga juu ya kaburi hilo. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Waliolijenga kaburi la Shaw ni watu wa msafara, ilhali wapagazi wengi waliokufa kwa ndui, kuhara damu au njaa waliachwa kando ya njia, na vitabu vya wasafiri huwataja kwa hesabu kuliko kwa majina.

Si kwamba watu hao hawakuijua thamani ya kaburi. Oktoba 1873 Chuma, Susi na wenzao walifika Kwihara wakiwa na maiti ya Livingstone. Luteni Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaendelea na safari hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Kati ya wabebaji hao, Jacob Wainwright alisafirishwa pamoja na maiti hiyo na kuhudhuria mazishi ya London tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.