Mibuni na Utawala katika Nchi ya Kilimanjaro

Katika mwaka huu wa jubilei twakumbuka makanisa na shule zilizojengwa na wazee wetu. Tusisahau mti uliowapa wengi wao fedha, yaani mbuni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliupanda Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wala hapana aliyedhani ya kuwa utageuza namna ya kuitawala nchi.

Baada ya vita ya 1914 hata 1918, Bwana Charles Dundas, mkuu wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa katika vihamba vyao, chini ya migomba. Wazungu wenye mashamba makubwa walipinga. Walisema mibuni ya wenyeji italeta magonjwa, na wezi watapata mahali pa kuuzia buni za wizi. Lakini palikuwa na neno jingine: mtu mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuomba kazi ya kibarua.

Kwa hiyo mwaka 1925 wakulima walifanya chama chao, na Joseph Merinyo akawa rais wake. Kazi yake ilikuwa kupigana na wadudu na kuuza kahawa pamoja. Hata hivyo kililinda pia haki ya kupanda, kikasema habari za ardhi. Na mangi waliozoea kusikilizwa peke yao wakakiona kuwa mshindani.

Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama kikuu cha ushirika, K.N.C.U., chenye meneja Mzungu. Wakulima walilazimishwa kwa amri kuuza kwacho tu. Bei ilipokuwa ndogo, watu waliuliza: Ikiwa kahawa ni yetu, mbona tunaamriwa pa kuiuza? Mwaka 1937 ghasia zikatokea, maghala yakavunjwa, serikali ikaleta askari.

Chama hakikufa. Baada ya vita ya pili bei ilipanda, na watu waliokwisha kuzoea mikutano, hesabu na uchaguzi wa wajumbe walitaka sauti katika utawala pia. Mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa Mangi Mkuu baada ya kuchaguliwa kwa kura. Na mwaka 1960 kwa kura vilevile watu walikiondoa cheo hicho, wakataka rais.

Hata baada ya Uhuru swali halikwisha. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1984 K.N.C.U. ikarudi, na katika miaka ya 1990 wafanya biashara binafsi wakaruhusiwa kununua.

Basi twaona ya kuwa zao moja likilisha nchi, anayeshika mizani hushika na sehemu ya utawala. Kwa hiyo kila serikali imetaka kuishika, na wakulima wamejifunza kudai haki yao penye mizani kabla ya kuidai barazani. Walimu, wafundisheni watoto kusoma hesabu za chama, maana asiyeweza kuzisoma atatawaliwa na anayeziandika.