Uungu wa Kristo: Mzozo wa Aleksandria uliofika hadi kwetu

Mkristo wa Gatuanyaga, pembeni mwa mji wa Thika, anapokariri Kanuni ya Imani kanisani hukiri kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Neno hilo liliwahi kuwagawanya maaskofu na kutikisa dola.

Kumwabudu Kristo hakukuanzishwa na makaisari, jinsi baadhi ya watu wanavyodai. Mnamo mwaka 112 hivi, liwali wa Kirumi, Plinio, alimwarifu Kaisari Trajano kuwa Wakristo walikutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Ignasio, askofu wa Antiokia, naye alimwita Yesu Mungu bila kusita. Swali lililobaki lilikuwa zito: iwapo Mungu ni mmoja, Mwana ni nani?

Arius, kasisi wa Aleksandria nchini Misri, alijibu kuwa Mwana aliumbwa, ijapokuwa kabla ya viumbe vingine vyote. Hakuwa mpumbavu. Alikusudia kulinda umoja wa Mungu, na mafundisho yake aliyatia katika nyimbo zilizoimbwa na mabaharia na wasagaji nafaka. Athanasio, mpinzani wake mkuu, alishikilia kwamba kiumbe hawezi kuwaokoa viumbe wenzake; tena, ikiwa Mwana ni kiumbe, basi wanaomwabudu wanaabudu kisichokuwa Mungu. Wokovu wenyewe ndio uliokuwa hatarini.

Mtaguso wa Nikea, ulioitishwa na Kaisari Konstantino mwaka 325 katika nchi ambayo sasa ni Uturuki, ulimkataa Arius. Hata hivyo, ugomvi haukuzimika. Athanasio, aliyetawazwa askofu mwaka 328, alifukuzwa mara tano kabla ya Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381 kuithibitisha imani ya Nikea.

Afrika Mashariki haikusazwa. Athanasio alimweka wakfu Frumensio kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia. Kaisari Konstansio, aliyewapendelea wapinzani wa Nikea, akamwandikia Mfalme Ezana akitaka askofu huyo arudishwe Aleksandria ahojiwe. Kanisa la Ethiopia lilibaki na imani ya Athanasio.

Nchini Kenya, sehemu ya Wakikuyu waliojitenga na wamishonari baada ya mzozo wa tohara ya wasichana wa 1929 walijiunga na Uorthodoksi. Mwaka 1946 walipokewa chini ya Patriaki wa Kigiriki wa Aleksandria, ambaye, sawa na Papa wa Wakopti, hujihesabu kuwa mrithi wa kiti cha Athanasio.