Tutu ya baleti

Tutu ni vazi la wanawake wachezao baleti: sehemu ya juu hubana kifua na kiuno, na sketi yake huundwa kwa tabaka nyingi za neti, kitambaa kile kile cha shela za maharusi. Zipo aina kuu mbili. Tutu ya kiromantiki ni ndefu, hushuka hadi chini ya goti na kulegea kama kengele. Tutu ya kiklasiki ni fupi, hutandaa kuzunguka nyonga na kuacha mguu mzima wazi. Miongoni mwa maleba ya jukwaa la Ulaya, hakuna linaloeleza historia ya mguu wa mchezaji waziwazi kama hili.

Mwanzoni mguu haukuonekana kabisa. Katika karne ya 17 na mapema karne ya 18, wanawake waliocheza Paris walivaa magauni ya kikasri, mazito, yaliyotanuliwa kwa fremu na kushuka karibu na sakafu. Marie Camargo, aliyejitokeza kwenye Opera ya Paris mwaka 1726, alikuwa hodari wa kuruka na kupishanisha miguu hewani, ufundi uliohesabiwa kuwa wa wanaume. Ufundi huo ungefaa nini bila kuonekana? Akapandisha pindo juu ya kifundo cha mguu, na watu wakashtuka. Mpinzani wake, Marie Sallé, alikwenda mbali zaidi mjini London mwaka 1734 alipocheza Pygmalion kwa gauni jepesi la melimeli, bila fremu, nywele zikiwa zimeachwa wazi.

Tarehe 12 Machi 1832, Marie Taglioni alipanda jukwaa la Opera ya Paris katika La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake, Filippo. Alikuwa roho ya msituni, akicheza kwa ncha za vidole ndani ya sketi nyeupe ya kitambaa chepesi. Siri ya sketi ile ni rahisi kueleza: mchezaji akiruka, kitambaa hupanda naye, akitua, kitambaa huchelewa kidogo kushuka, na jicho la mtazamaji huamini kuwa bado anaelea. Taa za gesi zilizofifishwa zilifanana na mbalamwezi, na weupe wa nguo ukazidi kung'aa. Giselle ilipofuata mwaka 1841, na kundi zima la mizimu ya wasichana waliovaa vivyo hivyo, sketi nyeupe ikawa alama ya baleti yenyewe.

Taa za jukwaani ziliua pia. Mchezaji Clara Webster aliungua jukwaani Drury Lane, London, Desemba 1844, akafariki siku chache baadaye. Ufaransa ilikuwa na dawa ya kuzuia kitambaa kisishike moto, lakini ilikifanya kikauke na kupoteza weupe, na wachezaji wengi waliikwepa. Emma Livry, mwanafunzi mpendwa wa Taglioni, alikataa katakata kucheza na sketi iliyotiwa dawa hiyo. Tarehe 15 Novemba 1862, wakati wa mazoezi, sketi yake iligusa mwali wa gesi. Alikimbia jukwaani akiwaka kabla zimamoto hajamfunika kwa blanketi. Aliishi na majeraha yale miezi minane, akafariki Julai 1863 akiwa na miaka 20. Mabaki ya nguo yake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera ya Paris. Anayesifia wepesi wa sketi za enzi ile hana budi kumkumbuka Livry.

Ufupi wa leo ulikuja na wachezaji wa Italia waliokwenda Urusi mwishoni mwa karne ya 19. Virginia Zucchi, aliyewasili St. Petersburg mwaka 1885, anatajwa kwa kudai sketi fupi kuliko desturi. Mwenzake Pierina Legnani alipiga mizunguko 32 mfululizo kwa mguu mmoja katika Swan Lake ya mwaka 1895. Kwa kazi ya namna hiyo sketi ndefu ni kikwazo: humnasa mchezaji, na huficha goti ambalo mtazamaji anataka kuliona limenyooka.

Ukiigeuza tutu ya kiklasiki chini juu, ndipo utakapoona kazi ya fundi. Safu za neti zimeshonwa moja baada ya nyingine kwenye chupi, fupi zikiwa chini na ndefu juu, kisha zikashikizwa kwa nyuzi zilizolegea ili zisitawanyike. Mgongoni zipo safu za kulabu badala ya zipu: zipu ikikwama onyesho linasimama, na kulabu zikiwekwa safu mbili au tatu nguo moja hufaa miili tofauti. Ndani ya mkanda mara nyingi hukutwa majina ya waliokwisha kuivaa. Haifuliwi hovyo, hupuliziwa vodka kuua harufu ya jasho, kisha huhifadhiwa chini juu ili marinda yasilale.

Fundi aliyebadilisha umbo hilo ni Barbara Karinska, mzaliwa wa Kharkiv, aliyeshona maleba ya mtunzi wa baleti George Balanchine mjini New York. Mwaka 1950 alitengeneza tutu isiyo na waya ndani, ya tabaka chache na fupi, laini kiasi kwamba wachezaji wengi waliweza kusimama karibu bila sketi zao kugongana na kupandana.

Rangi nayo ina historia yake. Soksi ndefu na viatu vya waridi vilikusudiwa kurefusha mguu machoni, lakini waridi ile ilikuwa ya ngozi ya Wazungu. Juu ya mwili mweusi iliukata mguu kutoka kwenye kiwiliwili. Dance Theatre of Harlem, iliyoanzishwa na Arthur Mitchell na Karel Shook mwaka 1969, iliachana nayo katika miaka ya 1970 na kuvaa soksi na viatu vya rangi ya ngozi ya kila mchezaji. Wachezaji weusi waliendelea kupaka viatu vyao vipodozi kwa mkono kwa miaka mingi. Kampuni ya Freed of London ilianza kuuza viatu vya baleti vya rangi ya kahawia mwaka 2018, kwa kushirikiana na kundi la Ballet Black.